L ya Nyumbani, R ya Shule

Kwa miaka miwili nilifundisha watoto uongo, na niliufundisha kwa bidii, kwa sauti na kwa fimbo.

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi: L ni ya nyumbani, R ni ya shule. Neno la Kiswahili likikutia shaka, andika R. Niliwaimbisha watoto maneno hayo kila asubuhi kabla ya hesabu, katika shule ya paa la nyasi huko porini upande wa Masumbwe, nao waliitika mpaka kuku wa katekista wakakimbia.

Usinicheke haraka. Mimi ni Msukuma, na ulimi wa kwetu L na R kwake ni kitu kimoja. Nilipokuwa mwanafunzi misheni, karibu na Shinyanga, niliandika barua moja yenye "habali" na "balua" na "mzuli". Padri akayazungushia maneno hayo yote penseli nyekundu, akanisimamisha mbele ya wenzangu nikaisoma, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikuwa mtu wa kuchekwa. Tangu siku ile nikaichukia L kwa moyo wangu wote. Nikajiambia kwamba siri ya Kiswahili ndiyo hiyo: itupe L, weka R, utaonekana msomi.

Hakuna aliyenisahihisha, maana mtihani wetu wa misheni haukuwa na imla. Tulinakili kutoka kitabuni, na kwa kunakili hakuna aliyenifikia. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri hata padri akautundika ukutani. Nikatoka wa kwanza, nikapewa cheti chenye mhuri, nikapelekwa porini kufundisha.

Huko tulikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiswahili, mchwa wamekila pembeni. Ndani yake niliona "mahali". Niliwaambia watoto kwamba mpiga chapa alikosea, nikachukua wino nikaandika "mahari". "Kalamu" nayo nikaifanya "karamu". Na juu kabisa ya ubao niliandika cheo changu kwa herufi kubwa, MWARIMU, nikapiga marufuku mtu kukifuta.

Lakini sikutaka kuzeekea kule. Reli ilikuwa imefika Shinyanga miaka michache kabla ya hapo, na kusini, mwendo wa siku moja kwa gari moshi, palikuwa na shule kuu ya serikali. Waliotoka huko walikuwa makarani na wakalimani. Nilimwona mmoja wao amefuatana na bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, kijijini kwetu. Wazee walisema maneno mengi kwa pamoja, kila mmoja anavuta upande wake, naye akayaandika yote huku anawatazama wao, si karatasi. Nilikaa wiki nzima namuota. Nilitaka kuwa yule.

Nikaandika barua kuomba kuhamia, nikataja cheti changu na nafasi yangu ya kwanza. Jibu lilikuja kwa mashine, mistari minne. Cheti cha misheni hakitambuliwi. Mwanafunzi anayetaka kuhama kutoka shule nyingine atafanya mtihani upya mjini Shinyanga, pamoja na wenzake, kama vile hajawahi kufanya mwingine. Na mtu aliyekwisha kushika kazi ya ualimu asijisumbue kuja, maana nafasi ni chache nazo ni za wanafunzi.

Mstari ule wa mwisho niliusoma mara nyingi. Halafu nikajaza fomu, nikaandika kwamba mimi ni mwanafunzi.

Nilihitaji kisingizio cha kuondoka, na kisingizio changu kilikuwa na miguu miwili. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, Msumbwa, wa miaka kumi na mitatu hivi, mtoto wa mkulima. Ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Hesabu aliifanya kichwani wakati wenzake bado wanatafuta chaki. Kaka yake alikuwa ameshakwenda Geita kuchimba dhahabu, na baba yao alikuwa anasema mdogo naye amfuate, maana shule haijazi ghala. Nikamwendea yule baba. Nikamwambia mwanawe anaweza kuhamia shule ya serikali akifaulu mtihani.

"Asipofaulu?" akauliza.

"Asipofaulu, ni mwanao. Mpeleke unakotaka."

Akafikiri, akakubali. Padri naye nilimwambia kwamba nampeleka mtoto Shinyanga kwenye mtihani, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba nitarudi baada ya wiki mbili, ambayo niliomba Mungu isiwe kweli.

Tulitembea siku sita. Tulibeba michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na kila tulipopumzika nilimwuliza hesabu, naye akajibu huku anatafuna. Kwenye pori la mbung'o tulipishana na vijana waliokuwa wanakwenda machimboni, majembe mabegani, wamefurahi kama watu wanaokwenda harusini. Mmoja akamwita mwanafunzi wangu aje. Yeye akanishika shati asiliachie mpaka walipopita.

Tulipoanza kuyaona mawe makubwa ya Shinyanga, nikasimama nikamwambia neno ambalo nilikuwa nimelitafuna tangu siku ya kwanza.

"Huko tunakokwenda usiniite mwalimu. Niite kaka. Tumetoka shule moja, mimi mwanafunzi na wewe mwanafunzi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia, kaka."

Hakuuliza kwa nini. Nilikuwa nimemlea hivyo, asiniulize kwa nini.

Mjini tulifikia kwa mama mmoja Mwislamu, mjane, mwuza vitumbua, ambaye baba yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa huku huku. Katekista alikuwa amenielekeza kwake. Tulimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Tunaomba mahari pa kulala siku tatu."

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Marahaba. Mahari? Mwanangu, umekuja kulala au umekuja kuoa?"

"Kulala."

"Basi unaomba mahali. Mahari peleka kwa wazazi wa binti. Hapa binti sina." Akacheka, akatuonyesha chumba.

Mwanafunzi wangu alinitazama. Mimi nilijifanya hamnazo. Chumbani nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni mwanamke wa sokoni, hajakaa darasani hata siku moja, Kiswahili amekiokota barabarani. Nikamsisitizia: L ya nyumbani, R ya shule. Akaitikia. Mungu anisamehe, bahati ililetwa mpaka kwenye ungo, nami nikaipiga teke.

Kesho yake tulikaa kwenye mtihani. Chumba kilikuwa karibu na boma, kina mabenchi na meza ndefu. Tulikuwa zaidi ya thelathini kwa nafasi tano, kutoka shule za kila upande, wengine wamevaa viatu. Karatasi zilikuwa na namba badala ya majina. Mimi nilikuwa ishirini na tatu. Mwanafunzi wangu alikuwa ishirini na nne, benchi la nyuma yangu, kisogo changu mbele ya macho yake.

Msimamizi alikuwa mwalimu kutoka pwani, mtu mzima, kanzu nyeupe na koti juu, tarbushi nyekundu kichwani. Hakupaza sauti hata mara moja, na kwa sababu hiyo tulimwogopa zaidi. Alisema kwamba atakayemtazama mwenzake, au hata akionekana amenakili, atafutwa, na jina lake litapelekwa kwa shule zote asipokewe popote.

Siku ya kwanza ilikuwa hesabu. Nilizila kama michembe. Nyuma yangu nilisikia nibu ya mwanafunzi wangu ikikwaruza bila kusimama, na nikakiri moyoni kitu kilichoniudhi: alikuwa ananikimbiza. Wakati fulani nibu yake ikanyamaza mimi bado nina maswali mawili. Alikuwa amemaliza. Mwalimu anayeshindwa na mtoto wake aliyemfundisha kuhesabu kwa kokoto hajui acheke au akasirike. Mimi nilikasirika.

Siku ya pili ilikuwa imla.

Msimamizi alisoma taratibu, kila sentensi mara mbili, kwa Kiswahili cha kwao ambacho sikuwahi kukisikia kikisomwa hivyo. Kilikuwa kizuri, na kilinipita. "Karani mkali alichukua kalamu yake," akasoma. Niliinua nibu. Mkali au mkari? Nilitega sikio arudie. Akarudia. Sikio langu halikuona tofauti yoyote. Ilikuwa kama kuonjeshwa maji ya visima viwili. Jasho likadondoka kwenye karatasi, nikalifuta kwa kiganja, wino ukatapakaa. Nikashika kanuni yangu kwa mikono miwili. Mkari. Karamu. "Akaenda mbali na mji, akatafuta mahali penye kivuli." Mbari. Mahari. Kivuri. Nyuma yangu nibu nyingine ilikuwa inaandika kwa mwendo ule ule, inasimama ninaposimama, inaendelea ninapoendelea.

Siku ya tatu asubuhi tuliambiwa tungoje nje. Matokeo yangetiwa sahihi na afisa Mzungu saa nane mchana, kisha yasomwe. Saa tano hivi tarishi akatoka mlangoni.

"Namba ishirini na tatu. Namba ishirini na nne."

Tuliingia. Msimamizi alikuwa amekaa peke yake, mezani ameweka karatasi zetu mbili za imla ubavu kwa ubavu, zimejaa penseli nyekundu. Kwa mara ya kwanza niliona R zangu zimesahihishwa: juu ya kila niliyoiweka pasipo pake, L ndogo nyekundu. Nilidhani ninaota. Nikamkumbuka yule mama na ungo wake.

"Makosa kumi na moja hapa," akasema. "Makosa kumi na moja hapa. Maneno yale yale, herufi ile ile. Kosa moja kwa watu wawili ni bahati mbaya. Kumi na moja ni wizi." Akamtazama mwanafunzi wangu. "Ulikaa nyuma yake?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mtoto alimwita msimamizi mwalimu. Neno lile lilinichoma, maana lilikuwa langu.

"Ulitazama karatasi yake?"

"Hapana, Mwalimu. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na nani?"

Mtoto akazitazama kucha za miguu yake.

"Nakuuliza, kijana. Nani alikufundisha kuandika kalamu karamu?"

Nilijua mtoto ananingoja mimi, na mimi nilikuwa namngoja Mungu. Ningesema neno moja tu, mambo yangekwisha. Na mimi pia ningekwisha.

Msimamizi akangoja, akachoka. "Aliyekaa mbele hana macho kisogoni," akasema. "Ishirini na nne, utaandikwa kwamba umenakili. Ni hasara, hesabu zako ndizo bora kuliko zote nilizosahihisha. Ishirini na tatu, imla yako ni aibu, lakini hesabu itakuvusha. Umeingia nafasi ya tano. Nendeni."

Tukatoka.

Nitasema kweli, kwa kuwa nimekuwa mzee na sina nafasi ninayoiomba. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha. Nafasi ya tano! Ilinipanda kutoka tumboni kabla sijaweza kuizuia. Huruma ilikuja nyuma yake, inachechemea.

Kwenye kibaraza palikuwa na pipa la maji. Mwanafunzi wangu alikwenda akaanza kuosha wino vidoleni, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilimfuata, na badala ya kumwomba radhi nilimkaripia. Ndivyo nilivyokuwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kuniita mwalimu. Sikukukataza kujitetea."

Akaendelea kuosha. "Ningejiteteaje bila kukutaja?"

Akakung'uta mikono, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Kaka, kwani R si ya shule?"

"Hapa hakuna mtu," nikamwambia. "Niite unavyoniita siku zote."

"Hapana, kaka. Nikikuita hivyo hapa, ulimi utazoea, halafu utanitoka mbele yao. Wewe umeshapita." Akapangusa mikono kwenye kaptura. "Mimi nitakwenda Geita kwa kaka yangu. Baba alishasema. Usiwe na wasiwasi."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Mtoto huyu nilimtumia kama kisingizio cha safari, nikamlisha ujinga wangu, ujinga huo ukamfukuzisha, na bado alikuwa ananichungia siri yangu, tena pasipo na mtu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye. Nilimwona yule mkalimani wa bwana shauri, kalamu yake inakwenda bila kutazamwa. Nilitaka kuwa yule, nilitaka sana. Nikajihesabia kila sababu. Kwamba mtoto ni mdogo, ataomba tena mwakani. Lakini hapana, jina lingepelekwa shule zote. Kwamba nikishafika huko nitamsaidia. Nimsaidie na nini? Kwamba pengine hata nikisema sitaaminiwa. Hiyo ya mwisho niliishikilia muda mrefu.

Kisha gari la afisa likasikika kwa mbali linapanda kutoka upande wa stesheni, na njia ya mwongo, kama wasemavyo, ikafika mwisho wake. Nilipiga moyo konde, nikaingia bila kubisha hodi.

Msimamizi alikuwa anakunja orodha.

"Hakunakili," nikasema. "Mimi ni mwalimu wake."

"Mwalimu wake wa nini?"

"Wa kila kitu. Hata wa hayo makosa."

Akaweka orodha chini. Alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, akageuza fomu yangu. "Hapa umeandika mwanafunzi."

"Nilidanganya."

"Na nitajuaje kwamba sasa husemi uongo? Kumwokoa ndugu yako?"

"Si ndugu yangu. Mimi Msukuma, yeye Msumbwa. Tupime sote wawili."

Akanisukumia karatasi, akasoma sentensi ambayo haikuwamo katika mtihani, anaitunga papo hapo: karani mkali kala ugali, akapeleka kalamu mbali, akaacha mali mahali penye kivuli. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Nilikuwa nimekwisha kuziona L nyekundu. Ningeweza kuandika sawasawa, na mkono ulitaka kuandika sawasawa, maana hakuna mtu anayependa kuonekana mjinga mara ya pili huku akijua. Niliandika kama nilivyokuwa nafundisha. Kila neno lililonitia shaka kwa miaka miwili nililitia R.

Akamwita mtoto, akamsimamisha kuelekea ukutani na kibao cha jiwe cha kuandikia, akamsomea ile ile. Kisha akaviweka pamoja vitu vyetu, akapitisha kidole. Ugari na ugari. Karamu na karamu. Mari, mbari, mahari, kivuri. Herufi kwa herufi.

Nilitegemea hasira. Lakini yule mtu aliyekuwa hapazi sauti alicheka mpaka tarbushi ikasogea. "Karani mkari," akasoma, "kapeleka karamu kwa mbari, na mahari kaiacha kivulini. Mwalimu, ukoo gani huo unaooa?" Nikacheka nami, machozi yananitoka, sijui ni ya nini. Mtoto peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kisha mlango, kisha mimi.

Nje mlango wa gari ulifungwa. Msimamizi akachukua penseli nyekundu. Akaondoa neno alilokuwa ameliandika mbele ya namba ishirini na nne. Kisha ncha ikashuka mpaka ishirini na tatu, ikasimama hapo.

"Unajua ninachofanya?"

"Najua."

"Sheria si yangu."

"Najua, bwana."

Akapiga mstari. Ulikuwa mstari mmoja, na niliusikia.

Afisa aliingia, akatia sahihi bila kukaa, akaondoka. Nilikuwa nageuka kutoka, msimamizi akaniita. "Keti hapo." Akaonyesha benchi la mbele. "Mtu asiye na sikio hafundishi mpaka apewe sikio. Sema la."

"La."

"Ulimi umetulia juu, nyuma ya meno. Unausikia? Sasa sema ra."

"La."

"Hapana. Utetemeshe."

Tuliendelea hivyo robo saa, mtu mzima na mtu mzima, la na ra, mpaka ghafla nikasikia. Sijui kueleza zaidi. Vile visima viwili vikaonjeka tofauti. Akaniambia niseme mahali, nikasema. Akaniambia niseme mahari, nikasema. "Basi," akasema, akafunga wino wake. Hiyo robo saa ndiyo yote niliyoipata katika shule kuu ya serikali.

Mwanafunzi wangu aliondoka kwa gari moshi baada ya siku mbili, pamoja na wenzake wanne. Yule mama alimfungia vitumbua kwenye jani. Stesheni mtoto alikuwa na wasiwasi, hajawahi kupanda kitu chochote zaidi ya punda. Gari lilipoanza kwenda alitoa kichwa dirishani akafumbua mdomo, lakini filimbi ililia, sikusikia aliniita nani.

Nilirudi Masumbwe kwa miguu, peke yangu, siku sita. Asubuhi ya kwanza darasani watoto walisimama wakaanza wimbo wetu. Nikawanyamazisha. Nikafuta ile MWARIMU juu ya ubao kwa mkono wangu, nikaandika MWALIMU. Nikawaambia, "Kitabu kilikuwa sawa. Mpiga chapa hakukosea. Nilikosea mimi."

Hawakujua wafanye nini. Mwishowe msichana mmoja wa benchi la mwisho akanyoosha mkono. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika "mahali", kwa sababu aliliona kitabuni kabla ya wino wangu, nami nikamchapa fimbo mbili.

"Mwalimu," akasema, "sasa zile fimbo zangu?"

Nilimwambia alikuwa amepatia yeye na nimekosea mimi, nikamwomba radhi mbele ya wote. Fimbo niliivunja. Haikutosha, nalijua hilo mpaka leo, lakini ndicho nilichokuwa nacho.

Barua ilifika baada ya mvua za kwanza. Ilikuwa kurasa mbili, imla safi, kila L mahali pake na kila R mahali pake, hata maneno ambayo mimi mwenyewe ningeyatilia shaka. Alisema chakula kinatosha, kwamba hesabu bado hajashindwa, kwamba usiku wanalala kwenye vitanda vya chuma. Alisema yule mwalimu wa pwani huwa anakuja kuwakagua, na kila akija huuliza habari zangu. Nilitafuta kosa, nikasoma tena, sikuliona. Niligeuza bahasha. Juu yake, kwa mwandiko ule ule mzuri niliomfundisha mimi, alikuwa ameandika: Kwa Mwarimu wangu.

Nimekuwa na penseli nyekundu mkononi zaidi ya miaka thelathini. Ile R sikuigusa.